Sabufa ya Bei Mbaya: Unalipia Besi au Unalipia Jina?

Sabufa mbili zimekaa dukani bega kwa bega. Zote ni za inchi 12, zote nyeusi, lakini ile yenye jina kubwa inauzwa mara tatu ya mwenzake. Mnunuzi anauliza swali la haki: tofauti ipo kweli, au ni jina tu? Tofauti ipo na inapimika, ila haipandi sawasawa na bei. Ukitoka kwenye sabufa rahisi kabisa ukaenda ya bei ya kati, utaisikia hata kama hujioni mtu wa muziki. Ukitoka ya kati kwenda ya juu, mara nyingi unacholipia ni udogo wa boksi na umaridadi wake kuliko besi. Hapa nazungumzia boksi la besi lenyewe, si zile spika ndogo zinazouzwa pamoja nalo.

Besi ni hewa inayosukumwa. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Noti ya chini kabisa ya piano ni hezi 27.5. Kadiri sauti inavyoshuka, ndivyo hewa nyingi zaidi inavyohitajika: ili hezi 30 itoke kwa nguvu ile ile ya hezi 60, hewa inayosukumwa lazima iongezeke mara nne. Sikio nalo halisaidii, kwani usikivu wetu hupungua sana kwenye sauti za chini, jambo ambalo Fletcher na Munson walilionyesha kwa vipimo mwaka 1933. Ndiyo maana sabufa rahisi ya inchi 6 inaweza kudunda ukadhani ina mziki mnene, kumbe inachopiga ni hezi 60 hadi 100 tu. Chini ya hapo hakuna kitu.

Mhandisi J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani, aliacha kanuni ambayo hadi leo hakuna kiwanda kilichoikwepa. Kuna mambo matatu: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme mdogo. Chagua mawili, la tatu utalikosa. Anayetaka boksi dogo lenye besi ya chini atalipa kwa wati nyingi, na wati nyingi ni pesa.

Mfano mzuri ni KC62 ya kampuni ya KEF ya Uingereza, iliyotoka mwaka 2021. Ni kimchemraba cha sentimita 25 hivi kila upande. Ndani kuna spika mbili za inchi 6.5 zilizopeana migongo ili mtikisiko wa moja ufute wa nyingine, na kila moja ina amplifaya yake ya wati 500. Bei yake ilikuwa kama dola 1,500. Wakati huo huo SVS ya Marekani ilikuwa ikiuza SB-1000 Pro, yenye spika moja ya inchi 12 na wati 325, kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Koni ya spika hiyo moja ina eneo kubwa kuliko koni zote mbili za KC62 zikijumlishwa. KEF hawakumwibia mtu. Wamefanya kazi ngumu ya kutoa besi kwenye kiboksi kinachoingia chini ya meza. Lakini kama sebule yako ina nafasi, hiyo ni kazi usiyoihitaji, na hakuna sababu ya kuilipia.

Kipo basi kinachostahili pesa ya ziada. Cha kwanza ni boksi lenyewe. Ligonge ubavuni kwa kifundo cha kidole: boksi zuri hutoa sauti fupi, iliyokufa, kwa sababu mbao zake ni nene na ndani limewekewa mihimili; boksi jepesi hulia lenyewe, na mlio huo utausikia juu ya kila wimbo. Cha pili ni koili ndefu inayoiruhusu koni kwenda mbele na nyuma bila kugonga. Cha tatu ni saketi ya kinga inayoizuia amplifaya kuiunguza spika mtu anapopandisha sauti kupita kiasi. Cha nne ni ukweli wa namba.

Hapo kwenye namba ndipo wengi huibiwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sabufa mbaya hujitembeza kwa wati. Ukiona kartoni imeandikwa wati 10,000 PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, itazame plagi. Umeme wetu ni volti 230, na fyuzi ya plagi ni ampea 13. Ukizidisha unapata wati 2,990. Namba iliyo kwenye kartoni haiwezi kupita kwenye waya wa plagi hiyo. Geuza sabufa, soma kibandiko cha nyuma kinachotaja umeme inaotumia, kisha tafuta wati za RMS, yaani zile inazoweza kutoa mfululizo. Marekani iliweka kanuni ya kudhibiti madai ya nguvu za amplifaya tangu mwaka 1974. Sisi kinga yetu ni macho yetu. Na usihangaike na tofauti ndogo: wati zikiongezeka maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu.

Kisha kuna chumba, ambacho huamua mambo mengi kuliko jina la kampuni. Chumba chenye urefu wa mita 4 huwa na mvumo wake kwenye hezi 43 hivi. Noti hiyo itavimba ukutani na kufifia katikati, hata sabufa iwe ya dola elfu tano. Dawa yake haina gharama. Weka sabufa pale unapoketi, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kandokando ya kuta, sikio likiwa karibu na sakafu. Utafika mahali noti zote zinasikika kwa usawa, hakuna inayovuma wala kumezwa. Hapo ndipo pa kuiweka. Utafiti wa Todd Welti wa Harman, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha pia kwamba sabufa mbili zikikaa katikati ya kuta zinazotazamana, besi husambaa kwa usawa zaidi chumbani. Kwa hiyo mbili nzuri za bei ya kati mara nyingi huishinda moja ya kifahari.

Ushauri wangu ni huu. Lipia jina kubwa kama nafasi ni finyu na bado unataka besi ya chini, na kama muuzaji ana dhamana ya maandishi na vipuri. Muulize mapema amplifaya ikiungua atafanya nini. Spika ya kawaida ya inchi 12 fundi huipata kirahisi, lakini saketi ya kampuni ya nje huenda ikabidi iagizwe. Kama nafasi ipo, nunua koni kubwa, boksi zito na wati za kweli kwa bei ya kati, kisha tumia jioni moja kuitafutia mahali pake. Pesa iliyobaki iongeze kwenye spika za mbele, maana sauti za waimbaji na ala nyingi hutoka huko.