KOMPYUTA YA KIKUNDI: ITUNZENI KABLA YA KUMTAFUTA FUNDI



Zamani kikundi kilikuwa na daftari moja, kalamu moja na sanduku la pesa lenye kufuli tatu. Siku hizi vikundi vingi hapa Uasin Gishu vinatumia kompyuta. Wengine wamenunua laptopu ya ex-UK mjini Eldoret, wengine wamepewa na kijana wao aliye ng'ambo. Ni jambo jema. Lakini kompyuta ni kama ng'ombe wa gredi. Ukimtunza analisha nyumba. Usipomtunza anakufa, na deni la kumnunua linabaki.

Nitawaeleza kilichotokea katika kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea. Walipewa kompyuta, na mweka hazina akahamisha hesabu zote humo: akiba, mikopo, hisa, zamu za merry-go-round. Basi daftari likaachwa. Jioni moja ya mwezi wa nne mvua ikanyesha, stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Asubuhi kompyuta haikuwaka. Nakala haikuwako popote.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Mama mmoja alisema amemaliza mkopo wake wa shilingi 12,000. Mwingine akasema hapana, bado. Mweka hazina alilia mbele ya watu, kwa maana wengine walianza kunong'ona kwamba ameiharibu mashine makusudi ili kuficha pesa. Kijana mmoja wa kijijini akasema atai-format iwake upya. Kwa bahati nzuri mwenyekiti alikataa, tukaibeba mpaka mjini.

Fundi aliifungua, akaninusisha ndani. Ilinuka kuungua. Akaniambia, "Mama, kilichoungua ni kile kisanduku kinachopokea stima. Hesabu zenu hazikai hapo. Zinakaa kwenye diski, na diski ni nzima." Akaitoa, akaifunga kwenye mashine nyingine, na majina ya akina mama wote yakatokea. Yule mama alikuwa amemaliza mkopo wake kweli.

Kama ile diski ingefutwa, kikundi kingevunjika. Hivyo nilirudi kwa fundi huyo nikamuuliza: ni mambo gani yanayowaletea watu hasara kila siku? Haya ndiyo aliyonieleza, pamoja na yale niliyojifunza mwenyewe.

1. STIMA NA RADI

Stima ya nyumbani ni ya volti 240. Ikipotea na kurudi, mara nyingine inakuja na nguvu zaidi kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo vyombo vinaungua. Stima ikipotea, chomoeni plagi. Ikirudi, ngojeni kama dakika tano itulie, kisha mchomeke.

Mkiona dalili za radi, kuzima swichi hakutoshi. Nguvu ya radi inaweza kuruka ile nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi. Chomoeni plagi kabisa.

Kompyuta kubwa ya mezani inafaa kuwa na UPS, yaani betri ya akiba. Hiyo si ya kufanyia kazi usiku kucha. Inawapa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Laptopu ina betri yake ndani, lakini chaja yake nayo inaweza kuungua, kwa hivyo nayo ichomolewe.

2. VUMBI, JOTO NA CHAI

Ndani ya kompyuta mna feni inayotoa joto nje. Vumbi likijaa, feni inashindwa. Mtaona dalili: inapiga kelele, inakuwa moto chini, halafu inajizima yenyewe. Wakati wa kiangazi, na wakati wa kupukuchua mahindi, vumbi ni jingi mno. Msiiweke kompyuta katika stoo ya nafaka.

Laptopu ikae juu ya meza. Ukiiweka kitandani au juu ya blanketi, yale matundu ya kupumulia yanazibwa. Kitambaa cha kufunika ni kizuri, lakini funikeni mashine ikiwa imezimwa. Kusafisha ni kwa brashi laini na kitambaa kikavu, plagi ikiwa imechomolewa.

Chai ikimwagika, zimeni mara moja. Chomoeni chaja, toeni betri kama inatoka, geuzeni mashine kichwa chini maji yatoke, mkaipeleke kwa fundi. Msijaribu kuiwasha "kuona kama bado iko sawa". Wengi wameiua hapo hapo. Kuizika ndani ya mchele hakusaidii.

3. "KOMPYUTA YETU INAENDA POLE POLE"

Hili ndilo lalamiko ambalo fundi anasikia zaidi. Mara nyingi mashine haijafa. Angalieni kwanza: je, diski imejaa picha za harusi na video? Je, kuna programu nyingi zinazofunguka zenyewe mara tu inapowaka? Je, kuna virusi? Ondoeni visivyohitajika kabla ya kutoa pesa.

Kama mashine ni ya zamani, huenda diski yake ni ile inayozunguka. Fundi anaweza kuibadilisha na aina mpya inayoitwa SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Kazi hiyo huwa rahisi kuliko kununua mashine nyingine, na tofauti mtaiona siku hiyo hiyo.

Lakini mkisikia sauti ya tik-tik ndani ya kompyuta, diski inakaribia kufa. Zimeni, msiendelee kuandika. Mwambieni fundi atoe hesabu kwanza, matengenezo baadaye.

4. FLASHI ZA KUPITISHANA

Flashi ikitoka kwenye saiba, ikaenda shuleni, ikaja kwa kikundi, inabeba virusi kama vile kikombe kimoja kinavyopitisha homa. Siku moja mtaifungua muone faili zimepotea na mahali pake pana vialama vya ajabu. Msiogope, wala msikubali kuifuta. Mara nyingi virusi vimezificha tu, na fundi anaweza kuzifunua.

Kikundi kiwe na flashi yake ambayo haiazimwi. Kabla ya kuichomoa, iambieni kompyuta kwamba mnaitoa. Ukiinyofoa wakati inaandika, faili inaharibika.

5. NAKALA TATU

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kompyuta nalo likiwa moja tu, ni kama halipo. Wekeni nakala tatu: ya kwanza ndani ya kompyuta, ya pili kwenye flashi au diski ya nje, ya tatu mbali na nyumba hiyo, kwa mfano kwa katibu anayekaa kijiji kingine. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, hesabu itabaki.

Tena msiitupe karatasi. Kila mwisho wa mwezi chapisheni hesabu, isomwe mkutanoni, maofisa watie sahihi. Hata mama asiyejua kompyuta ana haki ya kuona pesa zake.

6. MKIENDA KWA FUNDI

Waende watu wawili, si mmoja. Andikeni namba iliyo chini ya mashine kabla ya kuiacha. Ulizeni bei kabla ya kazi kuanza, mkadai risiti. Kifaa kikibadilishwa, ombeni kile cha zamani mkione. Fundi mzuri hachukii maswali.

Mkatae neno "format" mpaka muwe na nakala mkononi. Na hakuna fundi anayehitaji namba ya siri ya M-Pesa ili kutengeneza kompyuta. Akiiuliza, chukueni mashine yenu mwende.

Kumbukeni pia kwamba kompyuta ya kikundi ina majina, namba za vitambulisho na za simu za wanachama. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mkiuza mashine kuukuu au kuitupa, toeni diski kwanza.

7. MKITAKA KUNUNUA

Mashine zilizotumika zinaweza kufaa sana. Iwasheni dukani, ikae nusu saa bila chaja muone betri. Jaribuni kila kitufe cha kibodi. Ulizeni kuhusu Windows. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hizo bado zinawaka, lakini kinga mpya dhidi ya virusi haziji kama zamani, na nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Muuzaji akisema "hii itakaa miaka kumi", mwulizeni jambo hilo. Kwa hesabu na barua, kuna programu ya bure inayoitwa LibreOffice. Hakuna haja ya kununua programu za wizi, maana hizo ndizo mlango mkubwa wa virusi.

Kile kikundi nilichokitaja bado kipo. Mweka hazina ni yule yule. Kompyuta ilitengenezwa, na sasa kila mkutano unaanza kwa swali moja: "Nakala iko wapi?" Katibu anainua flashi juu, watu wanacheka, kazi inaendelea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

a) Kompyuta yetu ikiibiwa usiku huu, kesho tutajuaje nani ana akiba ya shilingi ngapi?

b) Ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kufungua hesabu za kikundi? Mmoja akiugua, nani atashika kazi?

c) Nani atachomoa plagi mvua ikianza?

d) Tutaweka shilingi ngapi kando kila mwezi kwa matengenezo, ili tusianze kuchangishana siku mashine inapokufa?