Je, Raisi Anaweza Kuondolewa?

Ndugu wanafunzi wenzetu wa Masisi na Walikale, mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Raisi akishindwa kulinda sheria, Bunge limutoe tu!» Tuangalie vile Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, inavyosema.

Kwanza, kazi yake. Kifungu cha 69 kinamuagiza Raisi achunge Katiba iheshimiwe. Mbele ya kuanza kazi anaapa kuifuata na kuitetea, pamoja na sheria zote (kifungu cha 74). Lakini kutekeleza sheria kila siku ni kazi ya Waziri wa Kwanza (kifungu cha 92). Ndiyo maana Bunge likiona serikali imeshindwa, linaweza kuiangusha kwa kura. Raisi, hapana. Hatolewi sababu barabara imeharibika ao vita haijaisha.

Basi anatolewa juu ya nini? Juu ya makosa mazito: uhaini mukubwa, kudharau Bunge, rushwa na mengine ya namna hiyo. Uhaini mukubwa ni kuvunja Katiba kwa kusudi, kushiriki katika kuvunja vikali haki za watu, ao kutoa sehemu ya inchi.

Njia ni ndefu. Bunge na Seneti wanakutana pamoja, na 2/3 yao wakubali ashitakiwe. Kisha Korti ya Katiba, yenye waamuzi 9, inahukumu. Ikimupata na kosa, anapoteza kazi. Tangu 2006 hakuna Raisi aliyepitishwa njia hiyo. Lakini Korti hiyo si ya muchezo: Mei 2025 ilimuhukumu Matata Ponyo, Waziri wa Kwanza wa 2012 mpaka 2016, miaka 10 ya kazi ngumu juu ya pesa za shamba la Bukanga Lonzo.

Hapa ndipo sisi tunaguswa. Ile 2/3 inatoka kwa watu waliochaguliwa. Desemba 2023 Walikale ilipiga kura. Masisi haikupiga, sababu ya vita. Jirani mumoja alichagua wa kusema kwa jina lake, mwengine alikosa.

Katika Kumbukumbu la Torati 17, mufalme anaagizwa ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote, asijiinue juu ya ndugu zake. Sisi pia tuisome Katiba. Asiyejua sheria atamuuliza mukubwa nini?