Je, Wajua? Fisi wa njia panda

Je, wajua kwamba methali "njia mbili zilimshinda fisi" ni hadithi nzima iliyofupishwa? Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama kutoka pande zote mbili. Hakutaka kukosa hata moja. Akatupa mguu huku na mguu kule, akatanuka hadi akapasuka.

Mji wa Makambako nchini Tanzania nao ni njia panda: barabara ya Songea inachepuka hapo kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita. Kijana anayeshuka basi pale, akitaka duka, shamba la parachichi na bodaboda kwa mtaji mmoja, anamjua fisi huyo vizuri.

Ukienda kusini kilomita 60 hivi unafika Njombe, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi hukaza, watu hujikusanya jikoni kuota moto. Viazi vikiwa jivuni, bibi husema, "Hadithi, hadithi!" na wajukuu huitikia, "Hadithi njoo!"

Nguvu ya ngano, kwa maoni yangu, ni kwamba hazimshambulii mtu. Mtoto haambiwi kwamba ni mlafi. Anamcheka Fisi kwanza, anacheka mpaka machozi, kisha ananyamaza. Bibi anageuza kiazi kwa kijiti na kuuliza, "Mjukuu wangu, wewe ungeshika njia ipi?"