Kujua Uzito wa Gogo Kabla ya Kuliinua

Ndugu wanachama, mkarafuu mkongwe ukikatwa, wengi wetu huliinua gogo kwa kukisia tu, na mgongo ndio ulipao. Twawausia mpime kwanza. Zungusheni kamba katikati ya gogo, mpate mzunguko wake kwa mita. Zidisheni mzunguko huo kwa wenyewe, kisha kwa urefu, kisha kwa 80. Jawabu ni kilo, ikiwa mti ni mbichi na uzito wake ni kama wa maji. Miti migumu yaweza kuzidi, basi ongezeni kidogo.

Gogo la mzunguko wa mita 1 na urefu wa mita 2 ni kilo 160. Watu wawili wasilithubutu; likateni vipande viwili. Na penye mteremko, mtu asisimame chini yake.