Nyumba ya Baharia ni Ipi?

Baada ya Swala ya Isha, dereva mmoja wa malori, mkazi wa hapa Nyasubi, alituuliza swali barazani pa msikiti. Yeye hupakia mizigo Dar es Salaam au katika bandari kavu ya Isaka na kuipeleka Kigali. Katika mwezi mzima hulala nyumbani siku tatu au nne; zilizosalia hulala ndani ya gari. "Masheikh," alisema, "nyumba yangu ni ipi? Niendelee kupunguza Swala kama msafiri, au gari limekwisha kuwa makazi yangu?"

Swali hilo si geni. Wanazuoni walilijadili karne nyingi kabla ya malori kuwapo, na mfano wao ulikuwa baharia. Imam Ahmad bin Hanbal (r.a.), aliyefariki mwaka 241 Hijria, alieleza kuwa baharia anayeishi chomboni pamoja na mkewe na watoto wake, wala hana nyumba nyingine nchi kavu, hapunguzi Swala, na Ramadhani hufunga kama wakazi wengine. Chombo kinakwenda, mawimbi yanakwenda, lakini yeye yuko nyumbani. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, baharia huyo anaruhusiwa kupunguza, ila kukamilisha ni bora kwake.

Tutafakari hapo, ndugu msomaji. Wanazuoni hawakuuliza kuhusu kuta wala bati. Walitazama watu wake wako wapi. Wapo hata leo Wazungu wanaoishi na watoto wao katika mashua za matanga, na huonekana wakitia nanga Kilifi, Tanga na Zanzibar. Mahali pao ni padogo, maji ya kunywa hupimwa, na kila mtoto ana kazi yake. Hata hivyo baba na mama wako pale pale, usiku na mchana.

Mabaharia wengi wa pwani yetu hawakuwa na nafasi hiyo. Majahazi ya Ghuba yalishuka kwa upepo wa kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko za Rufiji. Wake na watoto walibaki nyuma kwa miezi mingi. Wavuvi wa Kojani, Pemba, nao hujulikana kwa kwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao. Ugumu wa kuachwa ulikuwapo, na hatuna haja ya kuupamba. Lakini safari ya jahazi ilikuwa na msimu. Kusi ilipoanza kuvuma, mke wa Ghuba alijua kuwa sasa mumewe anageuza tanga. Kungoja kwake kulikuwa na mwisho.

Je, sisi wa Kahama tunayo kusi yetu? Baba anaaga kwenda machimbo ya Geita "mpaka Mungu atakapojaalia". Mwezi wa tatu anatuma fedha, wa sita anatuma salamu, wa tisa simu haipatikani. Migogoro mingi ya ndoa inayofika mbele ya kamati yetu haikuanza kwa ugomvi. Ilianza kwa safari isiyo na tarehe ya kurudi. Sayyidna Umar (r.a.) alipomsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke, alimuuliza binti yake Hafsa (r.a.) mke anaweza kustahimili muda gani bila mumewe. Kwa jibu lake akawawekea askari muda wa kurejeshwa makwao: baadhi ya riwaya zinataja miezi minne, nyingine sita. Ikiwa mpiganaji wa jihadi aliwekewa mpaka, mtafuta dhahabu atajipa ruhusa gani isiyo na mpaka?

Kwa hiyo tunawausia akina baba mambo matatu. Kabla ya kuondoka, kaeni na wake zenu mkubaliane siku ya kurudi, na ridhaa ya mke iwe ya kweli. Pili, matumizi yasitangulizwe kana kwamba ni badala ya baba. Mtoto aulizwe kwa simu juzuu aliyofika madrasa, na shuleni amefundishwa nini. Tatu, palipo na usalama, shule na makazi yenye stara, familia ihamie alipo baba, kama ya yule baharia wa Imam Ahmad.

Nabii Nuh (a.s.), kama tunavyosoma katika Surat Hud, alimwita mwanawe apande jahazini wakati mawimbi yameshakuwa kama milima. Mwana alikataa, wimbi likawatenganisha. Lakini baba hakunyamaza mpaka dakika ile. Nasi tuwaite wetu tungali tunasikika.

Dereva wetu tulimjibu hivi: wewe ni msafiri, punguza Swala uwapo njiani, kwa sababu mkeo na wanao wako Nyasubi na kwao ndiko kwako. Aliinama kidogo, kisha akasema kwamba safari ijayo atamwambia mkewe tarehe.

Allah (s.w.t.) awarejeshe wasafiri wetu salama, na awakute watu wao katika kheri. Amin.