Mtoto Wenu Ataka Kuwa Fundi wa Kompyuta

Baba na mama, huenda kijana wenu amemaliza shule naye awaambia: "Nataka kujifunza kazi ya kutengeneza kompyuta za ofisini." Ninyi mnatazamana. Karo ya chuo ni mbuzi kadhaa, na kazi yenyewe hamuijui. Basi, ketini kidogo tuizungumze.

Kwanza, msidhani fundi huyu ni bwana wa kukaa kitini akipulizwa na feni. Kazi yake ni kuitwa. Karani amesahau neno lake la siri, aitwa. Mashine ya kuchapa imetafuna karatasi, aitwa. Mkubwa hawezi kufungua barua zake, aitwa upesi, tena kwa ukali. Katika ofisi kubwa mafundi hupangwa kwa ngazi: wa kwanza hupokea simu na kumaliza mambo madogo, yakimshinda huyapeleka kwa wa pili, na wa pili kwa wa tatu. Kijana wenu ataanzia chini, penye kelele nyingi na mshahara mdogo.

Mtajua uzito wa kazi hii mkisikia habari za siku moja tu. Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, ambayo hulinda kompyuta zisiingiliwe na wezi, ilituma marekebisho ya programu yake kwa njia ya intaneti. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa moja na dakika tisa asubuhi. Marekebisho yale yalikuwa na kosa. Kompyuta zikazimika, zikawaka, zikazimika tena, zikabaki na kioo cha buluu. Kampuni iliyaondoa baada ya dakika 78, lakini kwa zile zilizokwisha kuanguka ilikuwa bure. Microsoft ilikadiria kuwa zilikuwa 8,500,000. Ndege nyingi hazikuruka, na hospitali nyingine ziliahirisha wagonjwa.

Nani aliziponya? Mashine isiyowaka haipokei dawa kwa mbali. Nyingi zilitaka mtu aende kwa miguu yake, aiwashe kwa njia ya pekee, afute faili moja, kisha aifuate ya pili. Nyingine zilikuwa zimefungwa kwa kufuli ya siri ambayo ufunguo wake ni tarakimu 48, za kuandikwa bila kukosa hata moja. Hebu mfikirieni fundi mwenye mashine mia tatu, watu wamemsimamia mgongoni wakimgombeza, na kosa si lake! Hilo ndilo gumu kuliko yote. Mambo yakienda vizuri hakuna amkumbukaye. Yakiharibika, yeye ni wa kwanza kulaumiwa. Mtoto mwenye hasira za karibu atateseka huko.

Liko na jaribu jingine. Fundi hushika funguo za nyumba nzima. Mara nyingi aweza, akitaka, kuzisoma barua za wengine na kuona mishahara yao. Siku moja rafiki atamwambia, "Nifungulie kidogo tu." Je, mtoto wenu atakataa? Mwalimu wa chuo hawezi kulijibu swali hilo, ninyi mwaweza.

Baada ya miaka michache njia hugawanyika. Mmoja hufuata mitandao, mwingine ulinzi, mwingine kuandika programu, mwingine hufungua duka lake. Wako wanaopandishwa kuwa wasimamizi, nao hawashiki tena bisibisi, bali hushinda mikutanoni. Mimi sioni kwamba fundi mzuri hana budi kuwa mkubwa wa mafundi. Wengine wamepoteza hivyo kazi waliyoipenda.

Wala msidhani karo hulipwa mara moja. Cheti cha CompTIA A+, kilichoanza mwaka 1993 na kijulikanacho nchi nyingi, kina mitihani miwili, na kitolewacho siku hizi hudumu miaka 3 tu. Baadaye lazima kihuishwe.

Kabla ya kulipa cho chote, nendeni chuoni mkaulize: wanafunzi hufungua mashine kwa mikono yao, au hunakili daftari tu? Na kijana, likizo hii, akae mwezi mmoja na fundi wa simu pale sokoni, awapokee wateja waliokasirika. Akirudi kila jioni akiwasimulia jinsi mashine fulani ilivyopona, uzeni mbuzi.