Aliyeachwa Nyuma Kozini Aanzie Wapi?

Awe mtu yuko Kabamba akifunzwa ukadeti au Kabalye akifunzwa upolisi, katika kila kozi hutokea mmoja au wawili wanaoachwa nyuma na wenzao. Huyu alilazwa kwa malaria majuma mawili. Yule alipewa ruhusa ya kwenda mazikoni. Mwingine ametoka Somalia, ambako majeshi ya Uganda yamekuwa yakipelekwa tangu 2007, naye hajashika kalamu kwa muda mrefu. Aingiapo darasani huwakuta wenziwe wamekwisha kufika mbali, na mbele yake kuna mtihani ambao akishindwa hurudishwa kikosini bila ya cheo alichokitarajia.

Aghalabu mtu wa namna hiyo huazima daftari la mwenzake, akakesha akilinakili toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Asubuhi daftari lake limejaa, lakini kichwani hamna kitu, na juu ya hayo anasinzia mbele ya mwalimu.

Askari aliyepotea porini hakimbilii mbele. Husimama, akaitafuta alama ya mwisho anayoijua kwa hakika, akaanzia hapo. Tuchukue somo la ramani, ambalo limewatoa jasho koplo wengi. Ramani ya kipimo cha 1:50,000 maana yake ni kwamba sentimita 1 ya karatasi ni mita 500 za ardhi. Basi ikiwa kati ya daraja na kilima pana sentimita 7, umbali ni kilomita 3.5. Koplo asipoweza kujibu, husemwa kwamba hajui ramani. Kumbe ramani haina kosa. Kilichomshinda ni uwiano na desimali alizoziacha shule ya msingi. Hata afundishwe ramani mara kumi hatatoka hapo alipo. Akae na desimali zake jioni mbili tatu, kisha airudie ramani, naye atastaajabu jinsi ilivyo nyepesi.

Kwa hiyo siku ya kwanza na iwe ya upelelezi. Chukua orodha ya mada za kozi, ujaribu swali moja la kila mada bila ya kutazama daftari. Kwa mfano: ukikiona kilima kwenye nyuzi 240 za dira, aliyeko kilimani anakuona kwenye nyuzi ngapi? (Ni 60.) Tia alama penye uliyoyaweza, uliyoyakumbuka nusu, na usiyoyajua kabisa. Uwe mkweli, kwani hakuna afande atakayeikagua karatasi hiyo. Anza na yale ambayo mengine yamesimama juu yake. Wakati huohuo usikose somo la leo kwa ajili ya kufukuzia la juzi, maana utaziba shimo moja na kuchimba jingine.

Sasa, jinsi ya kusoma. Mwaka 2006 wataalamu Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja lilizisoma mara 4. Jingine lilisoma mara 1, kisha likafunika karatasi na kuandika kila lililokumbuka, mara 3. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja walikumbuka kiasi cha asilimia 40 tu, na wale waliojipima wenyewe asilimia 61. Hapana budi basi kufunga daftari mara kwa mara na kujiuliza: nimesoma nini? Jaribu tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, kwa kuwa Mjerumani Ebbinghaus alikwisha kuonyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau upesi tulichojifunza tusipokirudia.

Askari atasema hana saa tatu za kusoma kwa siku. Ni kweli. Lakini nusu saa kabla ya gwaride na nusu saa nyingine jioni zinatosha kwa mada moja ndogo. (Lindoni, la hasha, usomaji wa huko una adhabu yake.) Aliyetoka zamu ya usiku alale kwanza.

Limebaki jambo ambalo ni gumu kwa watu wenye tepe begani. Sajini wa miaka 15 kazini huona haya kumwuliza kuruta aliyemaliza sekondari juzi, akaona heri ashindwe kimyakimya. Na amfuate kijana huyo baada ya chakula, amwombe asikilize huku yeye sajini akieleza somo kwa maneno yake mwenyewe. Pale maelezo yatakapokatika, kijana atie alama kwa penseli. Kesho yake waanzie hapo.